Kishindo cha Tembo Tulichokipiga Chapa

Kabla ya tembo, niwaeleze kuhusu herufi a.

Ninyi mnaoandika kwa kugusa kioo hamjawahi kuishiwa na a. Sisi tuliishiwa karibu kila wiki. Herufi zetu, za madini ya risasi, zilitoka Ulaya, na aliyezihesabu huko alihesabu kwa mahitaji ya lugha yake. Kiswahili kinalamba a kama ng'ombe anavyolamba magadi. Ukipanga kadi ya harusi, majina ya wazazi tu yamekwisha kula nusu ya kisanduku, na bado hujamwalika mtu. Fundi Athumani, mzee wa Tanga aliyenifundisha kazi, alikuwa na dawa yake. Alichukua V kubwa, akaigeuza juu chini, akaichapa badala ya A. Nilipomwambia kwamba haina ule mstari wa katikati, alinijibu kwamba msomaji ataivalisha mshipi mwenyewe.

Nawaambia haya, wanangu, ili mjue kwamba kwetu herufi ilikuwa kitu. Iliweza kudondoka ikakuumiza kidole cha mguu. Uliishika kwa vidole, ukaisoma kinyume, kama unavyojitazama kwenye kioo, ukaipanga kwenye kijichuma cha kiganjani moja moja mpaka mstari ujae. Mstari usipojaa unalegea, na herufi zilizolegea zitadondoka zote ukizinyanyua. Nilidondosha ukurasa mzima wa katekisimu wiki yangu ya kwanza. Fundi hakunifokea. Alileta kigoda, akaketi karibu nami pale, tukaokota.

Kiwanda chetu kilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala, Karatu mjini. Tulichapa stakabadhi za wenye maduka, vibandiko vya kahawa ya mashamba ya Oldeani, na orodha ya vyakula ya hoteli moja huko juu, ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Hiyo orodha ndiyo iliyonifundisha kwamba herufi ina nguvu kuliko nilivyodhani. Siku ninaipanga nilikuwa na baridi, na bila kufikiri nikaiweka supu kwa herufi nene kuliko nyama. Wageni wakaagiza supu, siku baada ya siku. Mpishi alishuka na gari la hoteli hadi Karatu kuja kuniuliza nina ugomvi gani naye.

Mliozoea kuchagua ukubwa wa maandishi kwa kidole, kumbukeni huyo mpishi. Kila herufi nene ni mtu anayepaza sauti. Jiulize kwanza kama aliyeandika alipaza.

Sasa tembo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kipindi kile cha kupanga foleni ya sabuni. Alikuja kiwandani mtu mmoja wa kutoka kule mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro. Tulimwita Balozi, kwa kuwa alikuwa balozi wa nyumba kumi kwao, na aliupenda wadhifa ule kiasi kwamba hata salamu aliitoa kama anafungua mkutano. Watu wake walikuwa wamehamia pale miaka michache tu nyuma, kutoka upande wa Endabash, wakati wa kuhamia vijijini. Endabash walijua fisi na nguruwe pori. Tembo walimkuta huku.

Alikuwa na barua mfukoni. Alitaka tuipige chapa ionekane kama barua ya serikali. Fundi Athumani akavaa miwani, akaanza kunisomea kwa sauti:

"Kwa Ndugu Tembo, Msitu wa Ngorongoro. Yah: Kula mahindi ya watu bila kibali. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni balozi wa nyumba kumi, na kwa jinsi unavyolala kwetu mara kwa mara kuliko hata shemeji yangu, nimelazimika kukuandikisha kuwa nyumba ya kumi na moja."

Fundi alisimama hapo akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha wino. Aliendelea kusoma akiwa na uso mweusi kama sufuria. Barua ilimlaumu tembo kwamba wakati wa palizi hakuonekana, ilhali asiyefanya kazi na asile. Ilimlaumu kwamba maboga aliyakanyaga bila hata kuyaonja, jambo lililomwudhi mke wa mwandishi kuliko wizi wenyewe. Halafu ikasema: "Ulikuja kwa kishindo, pu, pu, pu, mpaka milima ikajibu. Mke wangu, aliyekuwa zamu, anasema hakukusikia. Je, ulivua viatu?" Mwisho kabisa palikuwa na nakala: kwa Nyati, kwa Nguruwe Pori na kwa Nyani, kwa taarifa na utekelezaji.

Sisi tukicheka, Balozi hakucheka. Alingoja tumalize, ndipo akatueleza.

Mke wake, Mama Fabiola, ndiye aliyekuwa analinda shamba usiku ule, yeye Balozi akiwa kwenye mkutano huku mjini. Tembo alimpiga kikumbo akavunjika mguu. Alilazwa hospitali, mguu ukaunga, wakamtoa. Lakini alipotoka hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa kaka yake hapa Karatu, akakaa. Miezi ikapita. Watoto wawili wadogo wako naye, wakubwa wako na baba. Kila Balozi alipokwenda kumchukua, mkewe alimkaribisha chai, akamwuliza habari za kuku, akamwambia hatarudi. Kwa nini, hasemi.

"Ni woga," Balozi akatuambia. "Kamwogopa yule mnyama. Nami namjua mke wangu, kitu akikicheka hakiogopi tena. Nataka acheke."

Fundi Athumani aliigeuzageuza ile karatasi. Akasema barua husomwa mara moja ikawekwa chini ya godoro. Tutengeneze kitabu, nakala moja tu, ambacho mtu anaweza kukifunua kila akitaka, na kila ukurasa uwe na uso wake. Kisha akanigeukia akaniambia, "Binti, kazi hiyo ni yako. Lakini usiguse risasi kabla hujaisikia barua."

Nilikuwa sijawahi kupewa kazi nzima. Niliichukua ile barua nikawa naisoma nikichota maji, nikichambua mchicha, mpaka mama yangu akaniuliza ni nani huyo Ndugu Tembo anayenisumbua.

Niwaeleze nilivyofanya, kwa maana mbinu hizi hata leo zinafaa. Karatasi haikuwepo madukani, kwa hiyo tulitumia mabaki ya karatasi nene ya vibandiko vya kahawa, rangi ya udongo. Kichwa cha habari nilikipanga katikati, wima, kwa herufi kavu kama karani. Zile nyumba kumi nilizifanya mistari kumi mifupi, iliyojipanga sawasawa kama kijiji kilichopimwa, na ule wa kumi na moja nikauweka pembeni, umelala upande. Kwenye maboga, nilizichomoa o zote katika sentensi nikaziacha zibingirike hadi pembe ya chini ya ukurasa. Nguruwe pori nilimpanga kwa herufi ndogo, nyeusi, chini kabisa, zimeinamisha vichwa. Nyani nilimpandisha ukingoni, herufi moja juu ya nyingine, kama anakwea.

Na kile kishindo! Hapo ndipo nilipojivunia. Tulikuwa na herufi za mbao za matangazo, kubwa kama kiganja. Nilichukua P na U, nikazichapa kutoka ukurasa wa kushoto kwenda wa kulia, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na U ya mwisho nikaiacha ikatwe na ukingo wa karatasi, kana kwamba mnyama hatoshi kitabuni. Chini yake, kwa herufi za kawaida, nikaweka swali la viatu. Balozi alipoona ukurasa ule alipiga kofi mezani akasema, "Huyu hasa." Fundi naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kitabu tulikishona kwa uzi uliopakwa nta, jalada tukalivalisha kitambaa cha gunia la unga lililofuliwa.

Jumapili baada ya misa tukaenda kwa kaka yake Mama Fabiola watu wanne: Balozi, Fundi Athumani, mimi, na kitabu, maana Balozi alikibeba kama mtoto wa ubatizo. Mama Fabiola alikuwa ameketi sebuleni, mguu umenyooshwa kwenye kigoda. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya kucheka hata akiwa kimya. Kaka yake na wifi yake walikuwepo. Akapewa kitabu. Alisoma kichwa cha habari, akamtazama mumewe juu ya jalada. Alifika kwenye nyumba ya kumi na moja akacheka. Kwenye maboga alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, akawa anaonyesha zile o kwa kidole, hawezi kusema. Balozi alinitazama kama mtu aliyeona mvua.

Akafunua ukurasa.

Kicheko kilikatika kama uzi. Sijapata kuona uso ukibadilika vile. Ulipauka, midomo ikawa ya kijivu. Alizitazama zile herufi za mbao, akasoma swali la viatu chini yake, kisha akakifunga kitabu polepole, akakiweka mezani, akakisukuma kwa ncha za vidole mbali naye.

"Nani kawaambia alikuja na kishindo?"

Balozi alicheka kidogo, kicheko cha kuomba. "Mama Fabi, huo ni utani. Tembo ni mnyama mkubwa, lazima..."

"Nakuuliza wewe Balozi. Ulimsikia?"

"Mimi nilikuwa mkutanoni, unajua."

"Basi mimi nilikuwepo." Sauti yake ilikuwa ndogo sana, ikabidi sote tuiname kidogo kuisikia. "Nilikuwa macho. Kopo la kupigia kelele liko mapajani, rungu liko mkononi. Hakuna mguu uliolia. Hakuna jani. Nikaona nyota zinapungua upande wa mahindi. Nikasema ni wingu. Wingu likapumua."

Wifi yake alikuwa ameshika birika la chai. Alilishika hivyo hivyo hewani.

"Nikaamka hospitali," akaendelea, "na wewe umekaa pembeni. Hukuniambia pole. Uliniuliza, hivi ulisinzia? Huyu kaka yangu akaja, naye akaniuliza kama nililala. Sokoni wanaambiana, amelala kama mlinzi wa Balozi. Wanafikiri sisikii. Tembo simwogopi leo kuliko nilivyomwogopa zamani. Lakini nikalinde shamba la mtu anayeamini nililala? Kwa nini?"

Nilitazama mikono yangu. Wino wa ule ukurasa ulikuwa bado uko chini ya kucha. Nikawa nawaza kitu kimoja tu, kwamba katika kitabu kizima ule ndio ukurasa nilioupenda. Neno la sokoni, ambalo watu walikuwa wananong'ona nyuma ya mgongo wake, mimi nililichukua nikalichapa kwa herufi kubwa kuliko zote Karatu, nikamletea nyumbani kwao Jumapili.

Kaka yake alitoka nje. Fundi Athumani ndiye aliyekichukua kitabu, akaomba radhi kwa niaba yetu sote, tukaondoka.

Njiani tulifika kwenye duka la kona. Hapo Fundi akasimama.

"Binti, tumemwita mwongo kwa herufi za mbao."

Nikamwambia nitaung'oa ukurasa ule kesho asubuhi. Akanikatalia, nami nilishangaa. Alinieleza kwa utaratibu, kama alivyoeleza kila kitu, kwamba barua si yetu. Mwenye barua bado anakisikia kile kishindo kichwani mwake, na tukikifuta wakati yeye anakiamini, tutakuwa tumemdanganya yule mama kwa mara ya pili, safari hii kwa adabu. Kitabu kikawekwa rafuni, juu ya mapipa ya wino. Kila nilipopita chini yake niliinamisha kichwa.

Msimshangae sana Balozi. Alikuwa amewaona tembo, lakini wale wanaofukuzwa, kijiji kizima kikipiga madebe na kuinua mienge. Tembo anayefukuzwa huvunja msitu. Yule anayekuja mwenyewe kula alikuwa hajamwona, kwa sababu zamu za usiku, kwa ajili ya mikutano yake, alimwachia mkewe. Sisi wa mjini ndio hatukujua kabisa. Tuliona mwili mkubwa tukaupa sauti kubwa.

Wiki kadhaa zikapita. Nilikuwa napanga stakabadhi Balozi alipoingia, bila hodi, bila salamu ya mkutano. Alikuwa amekonda. Aliketi kwenye rundo la karatasi, na Fundi Athumani akamwacha akae.

Alikuwa amekwenda kulinda. Peke yake, bila taa, pale pale alipokaa mkewe, ili asikie kile anachopaswa kusikia mtu aliye macho.

"Tembo hakuja," akasema. "Kaja punda wa jirani. Punda, Fundi! Mwenye kwato! Nimekodoa macho, nimetega masikio, nimeshikilia rungu. Nimeshtuka ananipumulia shingoni, na blanketi langu liko mdomoni mwake."

Siku nyingine yoyote tungecheka mpaka seremala wa mbele aje kuuliza kuna nini. Hakuna aliyecheka.

"Hata punda sikumsikia," Balozi akasema tena. "Ng'oeni zile pu."

Aliomba kalamu. Swali la viatu alilikata mwenyewe, mstari baada ya mstari, mpaka karatasi ikatoboka. Sentensi ya kishindo akaipunguza ikabaki neno moja, "Ulikuja." Kisha akatuuliza, kama mtu anayeomba ruhusa kwa wakubwa wake, kama yale maneno ya mkewe yanaweza kuingia.

Wanangu, sikilizeni hapa, kwa maana kwenye mashine zenu nafasi nyeupe inakuja bure na ndiyo sababu mnaijaza. Kwetu haikuja bure. Ukitaka mstari mmoja ukae chini kabisa ya ukurasa, yale yote yaliyo juu yake, ambayo msomaji anayaona hayana kitu, ni lazima uyajaze vipande vya mbao na vya risasi visivyo na herufi, uvikaze kwa fremu, uvibane, la sivyo ule mstari mmoja utateleza. Ukurasa ule ulinichukua muda mrefu kuliko wa pu. Ulikuwa mzito, nikauinua kwa mikono miwili, na karibu wote haukuchapa chochote.

Nilifanya hivi. Baada ya maboga, neno "Ulikuja", peke yake, kwa herufi za kawaida. Ukifunua, kurasa mbili zinazotazamana, tupu kabisa, karatasi ya udongo tu. Ukifunua tena, tupu upande wa kushoto, na kulia, chini pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote tulizokuwa nazo, zile za kuchapia masharti nyuma ya stakabadhi: "Mke wangu alikuwa macho. Aliona nyota zikipungua. Akasema ni wingu. Wingu likapumua." Nikafumua mshono, nikatoa ule ukurasa wa zamani, nikashona upya. Fundi Athumani alizipitisha kurasa tupu chini ya dirisha kuhakikisha hazina alama ya kidole. Ilikuwapo moja, ya kwangu. Alinifanya nianze tena.

Safari hii Balozi hakukibeba kama mtoto wa ubatizo. Alimpa mkewe, akasimama karibu na mlango. Mama Fabiola alisita kukipokea. Alisoma taratibu, akatabasamu kwenye nyumba ya kumi na moja, maboga akayapita haraka. "Ulikuja." Akafunua. Alikutana na zile kurasa tupu, na niliona mabega yake yakipanda kana kwamba kuna kitu kimesimama nyuma yake. Hakuna aliyepumua chumbani. Aliweka kiganja juu ya karatasi, akakiacha hapo. Kisha akafunua tena, akainamia zile herufi ndogo mpaka pua ikakaribia kugusa.

Alipoinua kichwa alikuwa analia, na hakujifuta.

"Nani kakwambia uandike hivi?"

"Wewe," Balozi akasema. "Ulisema, nikachelewa kusikia. Pole, Mama Fabi. Ilikuwa nianze na pole."

Alisoma mpaka mwisho. Kwenye Nyani anayekwea alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kwikwi. Akakifunga kitabu.

"Nitarudi," akasema. "Lakini zamu ya usiku ni yangu. Wewe huna masikio ya kazi hiyo."

Kaka yake akaanza kusema habari ya mguu, wifi yake akashika kichwa, hata Fundi Athumani, ambaye hakushtushwa na kitu, alivua miwani. Sote tulimgeukia Balozi, tukingoja hotuba.

"Sawa, mama," akasema.

Waliondoka kesho yake kwa lori la magunia lililokuwa linakwenda njia ya Oldeani. Balozi aliwapandisha watoto, akampandisha mkewe, akampa kitabu, kisha akapanda yeye na mkongojo wa mkewe, akaketi kando yake.